Msumeno wa meza inayoteleza au msumeno wa kabineti: upi unaifaa karakana ndogo ya Mtwara?

Seremala wa Chuno (#1)
Habari zenu wanajukwaa. Nina karakana hapa Mtwara mjini ambayo kwa muda mrefu imeishi kwa milango ya mninga, vitanda vya mkongo na fremu za madirisha. Siku hizi wateja, hasa fedha za korosho zinapoingia, wanataka makabati ya jikoni na ya nguo yaliyotengenezwa kwa MDF (mbao za unga wa miti ulioshindiliwa kwa gundi) na chipubodi yenye melamini, ile ngozi nyembamba ngumu ya juu. Kazi hiyo ninaifanya kwa msumeno wa mkono unaofuata ubao ulionyooka niliobana kwa klampu, na mwendo wake ni wa kuchosha. Nina uwezo wa kununua mashine moja tu kubwa. Msimamo wangu ni kwamba msumeno wa kabineti, ule wenye meza ya chuma cha kusubu iliyotulia juu ya sanduku zito, ndio mashine ya seremala, na ule wenye meza inayoteleza ni mashine ya kiwanda. Anayepinga aje na sababu.

Kipimo Sahihi (#2)
Ninapinga, na ninaanzia kwenye historia kwa sababu umeigusa bila kutaja jina. Mashine unayoiita ya kiwanda ilibuniwa mwaka 1906 jijini Berlin na Wilhelm Altendorf, ambaye mwenyewe alikuwa seremala, na aliibuni kwa ajili ya kukata na kunyoosha mbao za samani kabla chipubodi haijajulikana popote. Tofauti ya msingi kati ya mashine hizi mbili iko kwenye swali la nani anatembea. Kwenye msumeno wa kabineti meza imetulia, na wewe ndiye unayeburuta ubao juu yake huku ukiubana kwenye fensi, kile kizuizi kilichonyooka kinachouelekeza ubao. Kwenye ule mwingine, ubao unalala juu ya meza nyembamba ya aluminiamu iliyo pembeni kabisa mwa msumeno wenyewe, yaani ile diski yenye meno, na meza hiyo inatembea kwenye reli pamoja na ubao. Karatasi ya MDF ya milimita 18, yenye ukubwa wa 2440 kwa 1220, ina uzito unaokaribia kilo 40. Jaribu kuiburuta peke yako mbele ya msumeno unaozunguka, kisha uje kutuambia mashine ya seremala ni ipi.

Mbao Ngumu (#3)
Ndugu Kipimo, historia tumeisikia. Mimi nipo Masasi na ninapasua mkongo na mninga karibu kila siku, hivyo nitamtetea aliyefungua uzi. Nguvu ya msumeno wa kabineti inatokana na namna ulivyojengwa: chuma kinachobeba mota na mhimili kimefungwa kwenye sanduku lenyewe, si kwenye meza ya juu. Ukitaka kuirekebisha meza iwe sambamba na msumeno, unalegeza boliti zake, unaisogeza, unakaza, kazi imekwisha. Mfano unaojulikana zaidi, Unisaw wa Delta, ulianza kutengenezwa Marekani mwaka 1939, na mafundi wengi bado wanafuata umbo lile lile. Kwa kupasua mbao ngumu kwa urefu, kutoa mikanda ya fremu yenye upana unaolingana kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, sijaona mashine ya bei hiyo inayoushinda.

Fezi Tatu (#4)
Wanajukwaa, kabla hamjabishana kuhusu mbao, zungumzeni kuhusu umeme. Misumeno mingi ya kabineti inauzwa na mota ya nguvu farasi 3, yaani takribani kilowati 2.2, inayotumia fezi moja ya volti 230. Misumeno mikubwa ya meza inayoteleza huja na mota ya kilowati 4 au 5.5 inayotaka fezi tatu za volti 400. Kama karakana ina fezi moja, gharama ya kuvuta fezi tatu iingizwe kwenye bei ya mashine tangu mwanzo.

Tahadhari nyingine ni kwa wanaovutiwa na mashine za mtumba kutoka Marekani. Umeme wa kule ni wa hezi 60 na wetu ni wa hezi 50. Mota ileile ikiletwa huku inazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, kwa hiyo msumeno uliokuwa ukizunguka mara 4,000 kwa dakika utashuka hadi kama 3,300, na mota yenyewe inaweza kupata joto kuliko ilivyokusudiwa.

Seremala wa Chuno (#5)
Ahsante, ndugu Fezi. Nina fezi moja tu. Nimeambiwa kwamba ninaweza kununua inveta inayobadili fezi moja kuwa tatu. Je, ni kweli?

Fezi Tatu (#6)
Ni kweli kwa masharti, na masharti hayo huwa hayatajwi dukani. Inveta ya kawaida inayoingiziwa volti 230 za fezi moja inatoa fezi tatu, lakini zinabaki kuwa za volti 230. Soma kibati cha mota. Kikiandikwa 230/400, fundi anaweza kubadili muunganiko wa nyaya ndani ya kisanduku cha mota ili ifanye kazi kwa volti 230. Kikiandikwa 400/690, jambo ambalo ni la kawaida kwa mota za kuanzia kilowati 4, inveta hiyo haitakusaidia. Zaidi ya hapo, mashine nyingi za aina hiyo zina mota mbili, moja ya msumeno mkubwa na nyingine ya msumeno mdogo wa kutangulia, na zote mbili zinahitaji kulishwa.

Binti Randa (#7)
Kwa wasomaji wasiofahamu, msumeno mdogo wa kutangulia ndio sababu kubwa ya watu wa makabati kuipenda meza inayoteleza, na ninashangaa kwamba hadi sasa hakuna aliyeueleza. Unakaa mbele ya msumeno mkubwa, kipenyo chake ni kama milimita 120, unazunguka kwa kuelekea upande ulio kinyume na wa mkubwa, na unachana ngozi ya chini ya ubao kwa kina cha milimita moja au mbili tu. Msumeno mkubwa unapofika, ngozi imekwisha kukatwa, hivyo melamini haimeguki upande wa chini. Misumeno ya kabineti kwa kawaida haina kitu hicho. Kwa jiko jeupe, ambapo kila mmeguko unaonekana kama jino lililong'oka, jambo hili peke yake linaweza kuamua.

Mbao Ngumu (#8)
Dada Binti, upande wa chini unaweza kuokolewa kwa msumeno wa meno mengi, 80 au zaidi, uliochongwa kwa ajili ya melamini, ukiteremshwa uchungulie kidogo tu juu ya ubao, na kwa kipande cha mbao kilichozibana kabisa kingo za mwanya wa msumeno mezani. Nimeyatengeneza makabati kwa njia hiyo na hayakurudishwa.

Binti Randa (#9)
Hayakurudishwa kwa sababu mwenye kabati haangalii chini ya rafu, kaka yangu.

Nachingwea Kwetu (#10)
Mimi ninauliza kuhusu nafasi. Meza inayoteleza ya kukata karatasi nzima ina urefu wa milimita 3,200. Meza hiyo inaanzia nyuma ya mstari wa msumeno na kuishia mbele yake, kwa hiyo chumba kinahitaji kuwa na zaidi ya mita sita na nusu kwa urefu ili ubao uingie na kutoka, bila kuhesabu mahali pa kusimama. Karakana nyingi za huku kwetu ni chumba kimoja cha uani chenye mlango unaotazama baraza. Je, wanaoitetea mashine hii wanaiweka wapi?

Kipimo Sahihi (#11)
Wanaiweka ikitazama mlangoni, na ubao unatokea barazani. Ninakubali kwamba mvua ikinyesha kazi inasimama. Hata hivyo, karatasi ile ile ikipasuliwa kwenye msumeno wa kabineti inahitaji mita mbili na nusu mbele na mita mbili na nusu nyuma, pamoja na meza ya kupokelea. Nafasi mnayoiokoa ni ndogo kuliko mnavyofikiri.

Mzee wa Rondo (#12)
Vijana, hamjambo. Nimesoma yote na ninaona mnazungumza kama kwamba mbao zote zinatoka dukani zikiwa zimenyooka. Mbao za Lindi na Mtwara, iwe mvule, mninga au mkongo, nyingi zinapasuliwa huko huko porini kwa msumeno wa mnyororo au kwa msumeno wa shimoni unaovutwa na watu wawili. Ukingo wake unakwenda mawimbi. Ukiulaza ukingo wa namna hiyo kwenye fensi ya msumeno wa kabineti, ubao unayumba, na ukiyumba katikati ya mpasuo unabanwa, na ukibanwa unarushwa nyuma kuelekea tumboni kwako. Kwenye meza inayoteleza, ubao huo huo unabanwa juu ya meza kwa klampu, unasukuma meza, na ukingo wa kwanza ulionyooka unapatikana bila fensi. Hiyo ndiyo kazi ambayo Altendorf aliifikiria, na ndiyo kazi ambayo sisi wa mbao za porini tunaihitaji kuliko mtu wa melamini.

Jambo la pili ni mvule. Ndani yake hukaa mawe, madini ya chokaa yanayojikusanya kwenye mti wakati ungali hai, na kutoka nje huyaoni. Msumeno ukikutana nayo meno yanapoteza makali mara moja, hata yawe ya kabaidi. Kwa hiyo mashine yoyote mtakayoichagua, wekeni akiba ya diski mbili za msumeno.

Seremala wa Chuno (#13)
Shikamoo mzee. Hoja yako imenitikisa kuliko zote, kwa maana ukingo wa kwanza ndio unaonipotezea muda mwingi. Ninaunyoosha kwa randa ya mkono.

Mbao Ngumu (#14)
Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote nina mambo mawili. Kwanza, ukingo wa kwanza unapatikana pia kwenye msumeno wa kabineti kwa kuupigilia ubao mbovu kwenye ubao ulionyooka na kuvisukuma vyote viwili pamoja kando ya fensi, ambayo ni gharama ya misumari miwili. Pili, mbao zetu nyingi zinauzwa kwa urefu wa futi 12, yaani mita 3.66, na meza ya milimita 3,200 haiwezi kuunyoosha ubao huo kwa mkupuo mmoja. Mashine hiyo kubwa kwa hiyo inashindwa mahali pale pale mnapoisifia.

Mzee wa Rondo (#15)
Marahaba. Mlango una futi 7, mwanangu. Nani anayenyoosha futi 12 kwanza ndipo akate? Kata urefu wa kazi kwanza, kisha nyoosha, na hata upotevu wa mbao utapungua kwa sababu kipande kifupi kina pindo dogo.

Kilwa Masoko (#16)
Samahani kwa kuingiza swali la pembeni linalohusu mada. Kuna karakana ninayoifahamu yenye msumeno wa meza inayoteleza, na kila inapopasua mninga inaacha alama nyeusi za kuungua, lakini upande wa kulia tu, kwenye kipande kilicho kati ya msumeno na fensi. Kipande kilichobaki juu ya meza kinatoka kisafi. Fundi anasema ndiyo tabia ya mninga. Ninyi mnasemaje?

Kipimo Sahihi (#17)
Si tabia ya mninga, kwa sababu mti ni mmoja pande zote mbili. Fensi haipo sambamba na msumeno. Nyuma imeingia ndani, kwa hiyo kipande kinabanwa na meno yanayopanda kutoka nyuma. Fensi ifunguliwe kidogo upande wa nyuma, sehemu ya kumi ya milimita inatosha.

Mbao Ngumu (#18)
Kabla ya kuigusa fensi, angalia imesogezwa hadi wapi. Kwenye mashine za Ulaya fensi ina kipande kinachoweza kuvutwa mbele au nyuma, na kwa mbao ngumu kinapaswa kuishia karibu na katikati ya msumeno. Ubao wenye mkazo wa ndani unafunguka baada ya kupasuliwa, na kama fensi imeendelea hadi nyuma, hauna pa kufungukia zaidi ya kuurudia msumeno. Mafundi waliozoea fensi ndefu ya msumeno wa kabineti hawaligusi kabisa jambo hili.

Fezi Tatu (#19)
Ninaongeza sababu ya tatu. Volti zikishuka jioni, mota inapoteza nguvu, fundi anasukuma polepole, na jino linalokaa mahali pamoja kwa muda mrefu linaunguza. Ndugu Kilwa, chunguza kama kuungua kunatokea asubuhi pia.

Kilwa Masoko (#20)
Asubuhi kunatokea, ila kwa uchache. Hilo halimnyimi ushindi yeyote kati yenu.

Binti Randa (#21)
Mmesahau utomvu. Mninga hata ukikauka unaacha uchafu unaoganda kwenye shavu la msumeno, na shavu lenye uchafu linasugua. Osha msumeno kwanza, ni bure, ndipo mfungue boliti za fensi.

Kipimo Sahihi (#22)
Uchafu ungeunguza pande zote mbili, dada.

Binti Randa (#23)
Si lazima. Upande mmoja ubao uko huru kusogea na meza, upande mwingine umebanwa na fensi. Palipobanwa ndipo panaposugua.

Nachingwea Kwetu (#24)
Tuzungumzie vidole. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri azikinge sehemu hatari za mashine, na wengi wetu tuna vijana wanaojifunza kazi. Kwa maoni yangu meza inayoteleza ni salama zaidi kwa sababu fundi anasimama kushoto, nje ya mstari wa msumeno, na mikono yake inashika meza badala ya kusukuma ubao kuelekea kwenye meno.

Mbao Ngumu (#25)
Ni salama zaidi kwa kukata. Kwa kupasua mkanda mwembamba kwa kutumia fensi unarudi kwenye hatari ile ile, na hapo wengi wanauondoa mfuniko wa msumeno kwa sababu unawazuia. Kinachookoa kwenye mashine zote mbili ni kile kisu kinachosimama nyuma ya msumeno ili mpasuo usijifunge. Nimeona karakana nyingi zikikifungua na kukitupa kabatini.

Na tuwe waadilifu: kwa upande wa kabineti ipo SawStop ya Marekani, iliyobuniwa na Steve Gass, ambayo inahisi umeme mdogo unaopita kwenye ngozi ya mtu na kuusimamisha msumeno kwa breki ya aluminiamu ndani ya milisekunde chache.

Fezi Tatu (#26)
Hiyo breki inatumika mara moja tu, na kwa kawaida inaiharibu na diski ya msumeno. Vilevile mbao mbichi sana zinaweza kuifyatua, ndiyo maana imewekewa njia ya kuizima kwa muda. Mbao za kwetu zinazofika karakana zikiwa zinatoka maji zingetufilisi kwa kununua breki.

Fundi Mikindani (#27)
Kwa tunaoishi karibu na bahari, jambo la kwanza ni kutu. Meza ya chuma cha kusubu ikiachwa bila nta wakati wa masika, baada ya siku chache inageuka rangi, na kutu inayoingia kwenye chuma hicho inafanya ubao usiteleze. Ninaipaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa na kuifunika kwa gunia kila jioni. Meza ya aluminiamu haipati kutu ya namna hiyo, lakini reli zake mara nyingi ni za chuma, na vumbi la mkongo likichanganyika na unyevunyevu linaganda juu yake hadi meza inatembea kwa kurukaruka. Kwa hiyo bahari haimpendelei yeyote.

Vipuri navyo vina habari yake. Mwezi Mei 2024, wakati barabara ya Dar es Salaam ilipokatika kwa mvua upande wa Kilwa, nilikuwa ninasubiri beringi. Beringi za kawaida zingepatikana mjini, ila za meza inayoteleza ni za vipimo vya mtengenezaji. Mkanda na beringi za msumeno wa kabineti unaweza kuzipata hata kwa wauza vipuri vya magari.

Kipimo Sahihi (#28)
Ninaongezea kwenye vipuri: tundu la katikati la misumeno ya Ulaya ni milimita 30, na la misumeno ya Marekani ni inchi tano kwa nane, karibu milimita 16. Misumeno ya milimita 30 imejaa madukani hapa nchini. Ile mingine ni ya kutafuta, na msikubali kuuziwa pete ya kupunguzia tundu isiyobana barabara, kwa sababu msumeno utatikisika na lawama itakwenda kwenye mashine.

Seremala wa Chuno (#29)
Nimewaelewa wote, na msimamo wangu wa mwanzo umelegea bila kuvunjika. Nina swali moja zaidi. Dalali wa Dar es Salaam ana msumeno wenye meza fupi inayoteleza, ya milimita 1,600, kilowati 3, na kibati cha mota kimeandikwa 230/400. Je, huo si suluhisho la ugomvi huu?

Fezi Tatu (#30)
Kwa upande wa umeme, ndiyo, mradi upate inveta inayouzidi uwezo wa mota kidogo, na usisahau kuuliza kama una msumeno mdogo wa kutangulia.

Mbao Ngumu (#31)
Kwa upande wa kazi, hapana. Meza ya 1,600 inaikata karatasi kwa upana wake wa 1,220, lakini kuipasua kwa urefu wa 2,440 utalazimika kutumia fensi, ukiiburuta kama kwenye msumeno wa kabineti, na safari hii juu ya meza ndogo zaidi. Utakuwa umelipia udhaifu wa mashine mbili.

Mzee wa Rondo (#32)
Mlango wa futi 7 una mita 2.13, nao pia hauenei kwenye mita 1.6. Lakini miguu ya vitanda, rafu, fremu za madirisha na milango midogo ya makabati vinaenea. Hesabu kazi zako za msimu uliopita, mwanangu, uone ngapi zina vipande virefu kuliko hapo.

Binti Randa (#33)
Na karatasi nzima unaweza kuipasua katikati kwa msumeno wako wa mkono nje barazani, ukiacha milimita kadhaa za ziada, kisha vipande ukavimalizia kwenye meza fupi kwa vipimo kamili. Njia hiyo haihitaji msaidizi.

Kipimo Sahihi (#34)
Kabla ya kulipa, ufanyie majaribio ya mikato mitano. Chukua kipande cha MDF, kata ukingo mmoja, ugeuzie ukingo uliokatwa kwenye fensi ya mbele ya meza inayoteleza, kata unaofuata, endelea hadi upande wa nne, kisha mkato wa tano utoe mkanda mwembamba. Pima unene wa mkanda huo kwenye ncha zake mbili. Tofauti unayoipata imejumlisha kosa la pembe mara nne, kwa hiyo igawe kwa nne. Dalali akikukatalia kuiwasha mashine, hiyo pia ni taarifa.

Mbao Ngumu (#35)
Majaribio hayo yanapima fensi, ambayo inarekebishwa kwa boliti moja. Mwambie apime reli. Reli ikiwa imepinda, hakuna boliti itakayoinyoosha. Weka rula ndefu ya chuma juu ya reli yenyewe, isogeze kutoka mwanzo hadi mwisho, na uangalie kama mwanga unapita chini ya rula mahali popote.

Seremala wa Chuno (#36)
Ninakwenda Dar es Salaam wiki ijayo. Kama kuna mwanajukwaa aliye na rula ya chuma ya mita mbili ninayoweza kuiazima, aniandikie pembeni.